Waya Kuzunguka Matope Yetu

Jumamosi, 3 Agosti 2024. Kitale

Mimi nilizaliwa na bahati kama wengine wanavyozaliwa na masikio makubwa. Leo nimeingia ofisi ya watu wa mazingira hapa mjini, nimekalishwa kiti cha ngozi, nimeletewa chai ya maziwa matupu, na meneja mwenyewe, Gachanja, amenipiga bega: "Mzee, siku ya kijana wako geti la kinamasi litafunguliwa." Hivyo tu! Mwingine angezungushwa mpaka viatu viishe. Lakini mimi nimeuza spea za lori Kampala, nimeuza Juba risasi zikilia — meneja wa vyura atanisumbua?

Nimepigia nyumbani Bokoli hapo hapo. Rispah, mke wangu, amelia kwa furaha. Mzee Walubengo, ndugu ya marehemu baba, amechukua simu akasema, "Ndiyo maana tulikusomesha." Walinisomesha mpaka darasa la saba. Lakini sawa.

Mwanangu Wekoye atapakwa matope pale pale nilipopakwa mimi.

Jumatatu, 5 Agosti

Issack wa matairi, jirani yangu wa dukani, hana adabu. Ati wao Waislamu wanamaliza hiyo kazi ya tohara mtoto akiwa hajajua kusema hapana — hawangoji Agosti, hawangoji mto. "Director, si umpake tu haya ya mbele ya duka? Kitale matope ni ya bure, bana!" Nimecheka mpaka nikakohoa.

Halafu nikamweleza. Kwetu kijana anashuka kinamasini alfajiri, uchi, anapakwa matope mwili mzima, anapandishwa na nyimbo mpaka uani kwa baba yake, anasimama, kisu kinapita. Akija bila yale matope, atakatwa ndiyo, lakini ukoo hautamhesabu. Atakaa nje ya rika lake mpaka azeeke. Issack akaacha kucheka. Akauliza, basi mlikubali vipi kinamasi kifungwe?

Swali zuri. Waya uliwekwa 2023. Watu wa mazingira waliita baraza, wakauliza kama kuna mtu anatumia pale mahali. Wazee wakatazamana — mwaka ule hakuna mtu alikuwa anatumia. Sisi tunatahiri mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kila mtu anajua! Hata kuku anajua. Kwa hiyo hakuna aliyesema. Wale nao wakaandika: hakuna mtu.

Jumatano, 7 Agosti. Bokoli

Nimeona kwa macho. Seng'enge mpya, nguzo za saruji, bango lenye picha ya korongo anayetabasamu. Nimetembea nchi nyingi, sijaona korongo akitabasamu. "Usiingie. Makazi ya ndege." Na sisi makazi yetu ni wapi, mbinguni?

Mlinzi ni Wangila, mtoto wa binamu yangu. Sare ya kijani, gambuti zinang'aa. "Niaje, baba mdogo." Nikampigia saluti: "Jenerali wa vyura!" Alicheka akiangalia chini. Siwezi kumchukia. Kabla ya hii kazi alikuwa anavunja kokoto, na watoto wake walikuwa wanakohoa vumbi lile lile.

Na niseme kitu ambacho sitasema mbele ya watu. Mama anasema chemchemi imerudi. Ilikuwa imebaki kutoa machozi tu, sasa wanachota kwenye bomba nje ya waya hata wakati wa kiangazi. Sawa, nimesikia. Lakini juu ya mto kuna tajiri wa nyanya, pampu yake inanguruma mchana kutwa inakunywa mto mzima, na hakuna mtu amemzungushia waya. Yeye wanamwita mdau. Sisi tunaitwa tishio. Miguu yetu mara moja kwa miaka miwili — tishio!

Jioni wazee wamenipongeza tena kwa habari ya geti. Nimekula kuku peke yangu, mguu wote.

Ijumaa, 9 Agosti

Leo ofisi imemtuma msichana kwa pikipiki. Phelista, ofisa wa jamii. Mpole, ana heshima, amesalimia kila mzee kwa mikono miwili. Ndiyo maana iliuma zaidi.

Amesema wamesikia shida yetu na wana suluhisho. Wafanyakazi watachota matope kwa ndoo — matope safi, sehemu isiyo na mayai ya vyura — watatuletea nyumbani. Saa tatu asubuhi, ofisi ikishafunguliwa.

Halafu Mzee Walubengo akaanza kucheka, kicheko kibaya, bila meno. "Matope ya ndoo! Na kijana tumpandishe kutoka wapi — kutoka jikoni?"

"Mzee, kile kinamasi kinapona. Watu mia mbili wakiingia siku moja, tunarudi nyuma."

"Babu yangu alipakwa pale. Kinamasi kilikufa?"

"Hapana, mzee."

"Kilikufa lini basi?"

Wote tuliangalia miguu yetu, maana miti ya mikaratusi iliyokausha ile chemchemi ilipandwa na Mzee mwenyewe.

Ndipo Phelista akasema geti haliwezi kufunguliwa. Rispah akaruka: "Lakini meneja wenu alimwahidi baba Wekoye!" Phelista akanigeukia. "Meneja yupi, mzee?" Macho yote kwangu. Nikakunja nne, mguu juu ya mguu, nikamwambia, "Binti, hayo ni mambo ya juu. Yatakufikia." Watu wakapiga makofi.

Nimekosa usingizi. Mbu tu.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimepigia ofisi. Inaita tu. Nimepiga tena. Nimemwambia Rispah kwamba Gachanja amesema tusijali.

Chifu naye ametangaza: atakayegusa waya atalala ndani. Nimemfuata, nimemwita ndugu, nimemkumbusha tulivyoiba maembe pamoja. "Mimi mkono wangu umefungwa," ndiyo tu alisema. Kumbe hata yeye amewekewa seng'enge.

Jumatano, 14 Agosti

Wekoye amezunguka Webuye yote na njuga zake akialika ndugu. Amerudi sauti imekauka, miguu imevimba, anacheka. Ana kifua kipana kuliko changu wakati ule, sipendi kukubali. Ameniuliza akinywa uji, "Baba, geti ni kweli?"

"Si nimesema?"

"Basi mimi siogopi kitu."

Aliniacha nimekaa na kikombe chake mkononi.

Alhamisi, 15 Agosti

Wekoye amekwenda kwa mjomba wake, akachinjiwa ng'ombe, akavishwa nyama ya kifua shingoni kama desturi, amerudi. Uwanja umejaa. Pombe ya busaa inapita. Kila anayefika ananishika mkono: wewe ndiye umetuokoa.

Wangila amekuja kwa mlango wa nyuma, bila sare. "Baba mdogo, mimi sijaletewa ufunguo wala neno. Vijana wanasema kama geti ni gumu watakata waya. Wakikata, mimi ndiye nitafungwa. Niambie, meneja alisema au hakusema?" Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Nimevua koti langu la Juba, la ngozi, nimemvalisha. Nikamwambia lala salama. Akaniamini, akaenda. Koti kubwa, mabega yalining'inia.

Ijumaa, 16 Agosti

Alfajiri. Nimekaa jikoni kwa Mama, nimeweka daftari gotini. Baba wa kijana haendi kinamasini, anangoja uani. Ndiyo desturi.

Wameshuka naye zamani. Nyimbo zilikuwa zinapanda vizuri, halafu zikakatika. Zimekatika zote mara moja! Nimetoka nje nikasikiliza. Vyura tu. Na gari — gari la askari, taa zake ziko kule chini.

Rispah amekuja mbio, khanga imedondoka. Anasema Wekoye amesimama mbele ya waya, uchi, mkavu, anatetemeka lakini hajalia. Vijana wameshika koleo za kukatia waya. Wangila amejiweka katikati yao na geti, amevaa koti langu. Askari wanasema hatua moja tu mbele, wote watalala ndani. Mzee Walubengo ndiye amewazuia wote: tulieni, meneja alitoa neno, mwiteni baba Wekoye aje aseme mbele ya askari.

Watu wote wale wanangoja mdomo wangu.

Ngariba anauliza kisu kitangoja mpaka lini, jua likitoka siku imeharibika. Milima tayari ina mwanga. Mama ameniangalia, amenisogezea viatu.

Rispah anasema, twende, baba Wekoye. Twende!

Hakuna kiti cha ngozi. Hakuna chai. Sikufika ndani ya ile ofisi ya Kitale. Mtu wa mlangoni aliniambia meneja hayupo, nikasimama kidogo nikisoma mabango, nikaondoka. Gachanja simjui kwa sura. Hakuna mtu hata mmoja aliyeniahidi lile geti.