Mama, Televisheni na Mtu Mwenye Beji

Vaileth, acha unachofanya usome. Mama kajifungia chooni na televisheni. NA TELEVISHENI, shoga yangu!

Narudi kutoka kazini nasikia sauti yake chooni: "Sina televisheni mimi! Ondoka!"

Kumbe asubuhi fundi wa jengo alibisha hodi, kaja kupima king'ora cha moshi. Mama wiki iliyopita tu ndo kahamia kwangu huku Marekani kutoka London. Kaona beji kifuani, akajua mkaguzi wa leseni huyo! Kule kuangalia televisheni bila kulipia leseni kila mwaka ni kosa. Wasiolipa ni wazee wa kipato kidogo waliofika miaka sabini na mitano, na yeye bado hajafika. Akaibeba ile ndogo ya jikoni, mbio chooni. Kitasa kikagoma. Kutwa nzima yumo humo, anaogopa hata kuita majirani!

Nikamwambia mlangoni, "Mama, Marekani hakuna leseni ya televisheni."

Akauliza toka ndani:

"Hata kwa vijana?"

"Hata kwa vijana, Mama."

Basi aliyekuja kung'oa kitasa ni fundi yule yule. Mama kumwona tu, akaikumbatia televisheni kama mtoto mchanga. Sikujua nicheke au nilie.

Fundi alipoondoka nikaiwasha. Mama akaniuliza taratibu, "Sundus, kwa hiyo naweza kuongeza sauti?"

Vaileth, kumbe kule London, tangu Baba afariki na leseni yake kuisha, Mama alikuwa anaangalia bila sauti, mapazia kayafunga. Miaka yote hiyo. Na mimi nikimpigia simu nasema, alhamdulillahi, kwa Mama kumetulia.