Muntu asiguse ile masini

Nabintu, haya imenimaliza.

Ile masini ya zamani yenye inagawanyia kazi seva zetu mbili, zile zinatunza mafaili ya bagonjwa, imezimika leo asubuhi. Clinique nzima ikasimama, bagonjwa bakajaa mpaka inje.

Nikapigia fundi wa Kigali mwenye alituuzia programu. Akauliza masini iko juu ya système gani, ni kusema programu kubwa yenye inaiendesha. Nikamwambia. Akasema: "Hiyo système ni ya zamani sana, hatuisaidii tena. Nani aliiweka humo?"

Ni mimi niliiweka, Nabintu. Mimi mwenye kutunza masini za hapa!

Maman Directrice, mukubwa wa clinique, akaweka mukono juu ya masini, akaomba. Ikawaka. Nakuapia, ikawaka!

Sasa amebandika karatasi: "Mungu ameiponya. Muntu asiiguse."

Itazimika tena, najua. Lakini mwenye kuitika "Amina" kwa nguvu kupita bote ni mimi.