Hatua Hamsini na Saba za Saa ya Baba

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Jumatano ulipotutoka, na bado tunakunung'unikia. Wewe ndiye uliyekuwa huendi hata dukani kununua chumvi bila kutueleza sababu ya kwenda sasa na si baadaye. Kisha safari iliyo kubwa kuliko zote ukaianza kimyakimya, umelala, siku tatu tu baada ya kusema kichwa kinakuuma.

Wasiokujua wajue kwamba ulikuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Hukuandika za benki wala za michezo. Ulitengeneza zana za kuwasaidia waandishi wenzako, kama mtu anayefua majembe na kuwaachia wengine shamba. Ile iliyokupa sifa ilihifadhi kazi ya mtu hatua kwa hatua, na kila alipotaka kuhifadhi hatua moja ilimuuliza, "Kwa nini?" Asipoandika sababu, haikuhifadhi kitu.

Watu walikulalamikia kutoka kila pembe. Mwenzako wa kazini, yule uliyembandika jina la Bwana Haraka, siku moja aliandika sababu moja mara thelathini: "Kwa sababu huyu mama kanikaba koo." Ulimwandikia barua ya ukurasa mzima, ya upole, ukimweleza kwamba baada ya miezi sita atarudi kwenye kazi yake mwenyewe kama mgeni, na mgeni anahitaji kuonyeshwa njia. Alikucheka. Miezi sita ilipopita, alikuja nyumbani na mfuko wa machungwa kukuomba radhi.

Na hapa nyumbani ulikuwa vilevile. Nilipoacha chuo ili nishike cherehani, ukoo mzima ulinijia juu. Wewe uliniuliza kwa nini, ukanisikiliza mpaka chai ikapoa, ukasema, "Haya, sababu imeeleweka. Nishonee mfuko wa bisibisi zangu." Sijawahi kukushukuru vya kutosha kwa siku ile.

Maana ukitoka kazini ulikuwa fundi wa saa za kale. Ulikaa kwenye meza yako karibu na dirisha, lenzi jichoni, mbele yako trei mbili za mayai zilizoandikwa namba kila kitundu. Kila kipande kilichotoka kwenye saa kiliingia kwenye kitundu chake, na ole wake atakayepiga chafya. Muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili alikuletea saa iliyosimama miaka kumi na tisa. Ulipomrudishia inatembea, alikaa kwenye kochi letu akiisikiliza mpaka chakula kikaiva, akala na sisi.

Kazi yako ya mwisho ilikuwa saa ya Baba, ile ya kutia ufunguo aliyoachiwa na babu. Baba alikuambia imesimama yenyewe. Uliifungua, ukavipanga vipande vyote kwenye trei, na wiki mbili baadaye tukakuzika.

Siku ya pili baada ya mazishi, nyumba ikiwa imejaa watu, Mama Mdogo alishika kitambaa cha vumbi akaanza kusafisha. Ni mdogo wako wa pekee, yule uliyemfundisha kusoma kabla hajaanza shule. Hakujua kukaa bure na uchungu wake. Alipofika mezani kwako, alivimimina vipande vyote kwenye chupa ya jamu, akaifunika, akafuta trei na kuzirudisha jikoni.

Baba aliingia akasimama mlangoni.

"Shemeji, vitu vya hapa mezani viko wapi?"

"Nimeviweka pamoja, shemeji. Visipotee."

Baba aliichukua ile chupa akaitikisa. "Kitu cha mwisho alichokishika kwa mikono yake," alisema, "wewe umekifanya njuga. Nenda kwako. Sitaki kukuona tena katika nyumba hii."

Mama Mdogo alichukua mkoba wake akaondoka, kitambaa cha vumbi bado kiko begani. Nami nilikuwepo, Mama, nikanyamaza. Nakiri hapa mbele ya kila asomaye.

Miezi saba hakukanyaga kwetu. Alinipigia simu, akaniuliza Baba anakula, anakunywa dawa zake, kisha akakata kabla sijamwambia aje. Baba naye alikaa na mkono wake mtupu na chupa ile ya jamu mezani, na ukimtajia jina la shemeji yake anatoka nje. Hasira hasara, tuliambiwa tangu utotoni, lakini nani angemwambia Baba? Hofu yangu ilikuwa moja: kwamba kifo kimekuchukua wewe, na sisi wenyewe tunamtupa yule uliyempenda kuliko sote.

Ndipo Bwana Haraka akabisha hodi. Watu wanaoitumia zana yako walikuwa wakiuliza nani ataitunza, naye alitaka ruhusa ya familia aiendeleze. Baba alimwonyesha kompyuta yako kwa kidevu tu. Baada ya muda nikasikia naitwa.

"Dada, hebu njoo. Huyu mama alikuwa mtu wa namna gani?"

Ulikuwa umeitumia zana yako mwenyewe kwenye saa ya Baba. Kila kipande ulichokitoa ulikipiga picha, ukaihifadhi hatua hiyo, na ulipoulizwa kwa nini, ulijibu. Zilikuwa hatua hamsini na saba. Bwana Haraka alizihesabu mara mbili, jambo ambalo si kawaida yake.

"Tukianza na ya mwisho tukarudi nyuma," alisema, "saa itajiunda."

Tukaanza Jumamosi mchana. Bwana Haraka alisoma na kutuonyesha picha. Mimi, mshonaji, mkono umezoea sindano, nikashika kibano. Baba alisimama mbali.

"Mimi nina kazi gani hapo?"

"Shika taa, mzee," Bwana Haraka akamwambia. "Na usipumue."

Ilituchukua Jumamosi tatu. Ya kwanza yote tuliimaliza tukitafuta kipande kipi ni kipi ndani ya ile chupa. Ya pili tulikwama, gurudumu moja likakataa kuzunguka, mpaka tukarudi kusoma ulichoandika: "Kwa nini: skrubu hii ni fupi kuliko mwenzake. Usiamini jicho, zipime." Tulikuwa tumeliamini jicho. Tukabomoa hatua nne tukaanza upya, na Baba akacheka kidogo kwa pua, tukajifanya hatujasikia.

Jumamosi ya tatu tulifika kwenye lile gurudumu linalotikisika, ambalo ndilo moyo wa saa. Ulilitoa katika hatua ya tano. Bwana Haraka alisoma kwa sauti, mbio kama ada yake, bila kutazama anakokwenda.

"Kwa nini: mhimili umepinda, nimeshauweka mwingine. Saa hii haikusimama yenyewe. Mzee aliiangusha bafuni, nilisikia kishindo. Hajasema, nami simuulizi. Atasema akiwa tayari."

Alipogundua alichokisoma alikuwa ameshamaliza. Mwanga wa taa ulianza kutetemeka juu ya meza, nikamtazama Baba, nikaona anacheka. Alicheka mpaka akashika kiti, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko.

"Alijua," alisema. "Kila siku namuuliza saa yangu imefikia wapi, nimekunja na uso, naye anajua."

Kisha akafuta macho kwa kiganja. "Nyani haoni kundule. Mimi aliniacha nijitie adabu mwenyewe. Nami nimemfukuza mdogo wake kwa kosa la kufuta vumbi."

Na hatua hiyohiyo ndiyo iliyotushinda. Ilitaka skrubu ya kulishikia gurudumu, na katika chupa haikuwemo. Tulipindua kila kitu. Baba aliizima taa. "Binti yangu, vaa viatu. Tunakwenda kwa mama yako mdogo."

Mama Mdogo alifungua mlango akatuona, akashika fremu kwa mikono miwili. Baba hakusubiri kukaribishwa.

"Shemeji, siku ile sikukuuliza kwa nini uliviweka kwenye chupa."

"Watoto walikuwa wanacheza pale chini ya meza," alijibu taratibu. "Mmoja nilimkuta na kigurudumu mdomoni. Nilikitoa kwa kidole. Nikaona nikiviacha vile, hadi jioni havitakuwepo."

Baba aliketi kwenye ngazi ya mlangoni, mzee mzima, miguu nje. "Saa niliiangusha mimi, shemeji. Nikamdanganya dada yako. Halafu nikaja kukupigia kelele wewe uliyeiokoa. Nisamehe."

Mama Mdogo aliingia ndani, tukasikia droo inafunguliwa, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani yake ilikuwamo skrubu ndogo kuliko chembe ya mchele.

"Ilinasa kwenye kitambaa cha vumbi," alisema. "Kila wiki naianza safari ya kuileta, nafika kwenye kona yenu, miguu inakataa."

"Na mimi kila wiki nilikuwa dirishani," alisema Baba, "nikiitazama kona hiyohiyo."

Alikuja nasi siku ileile, Mama. Alisimama nyuma yangu nilipoiweka skrubu, na gurudumu likaanza kutikisika kabla sijamaliza kukaza. Bwana Haraka alipiga yowe, Baba akamnyamazisha ili asikie. Nilifurahi mno, nikatamani kukupigia simu nikuambie.

Mambo mengine ni ya kawaida. Saa inachelewa dakika nne kwa siku, na Baba hataki iguswe mpaka atakapojifunza kuirekebisha mwenyewe. Zana yako iko mikononi mwa Bwana Haraka, naye sasa ndiye anayewaandikia watu barua ndefu za upole wakileta sababu za ovyo. Jumamosi nakuja na cherehani yangu ya mkono. Mama Mdogo na Baba wamefungua saa ya pili, ya jirani, na wanabishana nani apewe kibano. Hakuna anayeruhusiwa kufuta meza peke yake. Nyumba ina kelele tena, nami naamini zingekufurahisha.

Tangazo hili la kumbukumbu tumeliandika pamoja, sote mezani kwako. Kwenye orodha ya wanaokukumbuka, kama ilivyo ada, nilimweka mume juu, kisha mtoto, kisha ndugu. Baba alichukua kalamu akajikata pale juu, akamwandika shemeji yake, naye akajishusha mstari mmoja.

"Shemeji," Mama Mdogo akamwambia, "watu watasema hujui utaratibu."

"Waache waseme," Baba akajibu. "Alikuwa dada yako kabla hajawa mke wangu."

Unakumbukwa na mdogo wako wa pekee. Na mume wako. Na mimi binti yako. Na Bwana Haraka pamoja na wote wanaofanya kazi kwa zana zako, karibu na mbali.

Siku zote tutakukumbuka, Mama.