Kikapu Hakirudi Kitupu

Tuwan, Kitale
Desemba 12, 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, mtoto ananyonya kama ndama. Wewe je, kifua kimetulia? Ile nimonia ya Oktoba bado inanitisha.

Masikio yako na simu hazipatani, ndiyo maana naandika. Mama, Krismasi usije. Nilienda kwa daktari wako nikamuuliza, akasema mzee aliyetoka kuugua mapafu asisafiri, asikae na umati. Huku kila nyumba inakohoa. Kwa hivyo hatufanyi sherehe. Hata mama mkwe, Chepkemei, anabaki kwake. Mimi na Kiplagat tutakula ugali wetu, tulale.

Najua umengoja kumpa mtoto jina. Atangoja mpaka Pasaka, uje ukiwa na nguvu. Kunywa dawa, vaa soksi.

Binti yako,
Everlyne

Ndalu
Desemba 19, 2024

Mwanangu Everlyne,

Nakusalimu wewe, mkwe wangu Kiplagat, na hako kasichana. Mimi mzima. Kifua kinakoroma kidogo asubuhi, halafu kinanyamaza.

Ati nisije! Nililia, sitakuficha. Lakini nikajiambia, si ni mtoto wangu ananitakia uhai? Kwaya nimeacha. Watoto wa jirani wenye kamasi nimewafukuza mlangoni, sasa wananiita mchawi. Daktari akisema, amesema.

Jina ni Nasimiyu, la marehemu mama yangu. Yeye alizaliwa kiangazi, na huyu amezaliwa kiangazi. Nimelibeba hilo jina tangu siku tulipomzika. Pasaka si mbali, nitalibeba tena kidogo.

Kwa kuwa mimi siji, jogoo anakuja. Ni yule mwekundu mwenye kiburi. Sifuna anayepeleka maziwa Kitale atamleta kwa kikapu changu. Mle nyinyi wawili, na supu unywe wewe unayenyonyesha.

Mama yako,
kukhu, yaani nyanya, wa Nasimiyu

Ndalu
Desemba 28, 2024

Everlyne,

Hujambo? Mimi sijambo, na hata ningekuwa na jambo, nani huko kwenu angejali?

Kikapu changu kimerudi. Nilifungua nikakuta sukari, majani ya chai, na kipande kikubwa cha keki kimefungwa vizuri kwa karatasi. Kumeandikwa juu yake, rangi ya waridi: Karibu Jepchumba.

Nikamuuliza Sifuna, Jepchumba ni nani? Akacheka, akidhani namtania. "Si ni mjukuu wako, mama!" Akanieleza yote. Hema lilijaa mpaka nje. Chepkemei alikaa katikati, mtoto mapajani, akiita majina ya wazee wao mpaka mtoto akapiga chafya, ati ndiyo ishara kwamba mzee wao amemkubali, na watu wakashangilia. Kisha Chepkemei mwenyewe akanifungia kikapu. Akasema, mwambie mama Everlyne asante kwa jogoo, na pole kwa ugonjwa, kikapu cha mtu hakirudi kitupu. Kumbe na yeye ulimdanganya. Sina neno naye. Yeye alifunzwa adabu. Wewe nilikufunza nini?

Chepkemei ni rika langu. Mapafu yake ni ya chuma? Au kikohozi cha Kitale kinachagua wazee wa huku kwetu Bungoma peke yao? Ungeniambia "Mama, hatukutaki," ningeumia na ningenyamaza. Lakini ulichukua ugonjwa wangu ukaufanya kufuli ya kunifungia nje, na mimi nikakushukuru. Nilifukuza watoto wa watu mlangoni kwa sababu yako!

Keki nimewapa kuku.

Mama yako

Tuwan, Kitale
Januari 3, 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini kifua ni kizima. Sisi tuko.

Usinihukumu hivyo. Kiplagat alisema mtoto ni wa ukoo wao na jina litatoka kwao. Nakujua, Mama. Ungesimama katikati ya wageni uite Nasimiyu, na mama mkwe aite lake, na mimi ningeweka uso wangu wapi? Wewe una kwako Ndalu. Mimi ni huku ninaishi.

Ni kweli daktari hakukataza safari. Alisema tu uvae nguo nzito, ukae mbali na wanaokohoa. Lakini si mgonjwa ulikuwa? Basi sikudanganya yote. Na nyumbani tunaweza kumwita Nasimiyu, tukiwa peke yetu.

Binti yako,
Everlyne

Tuwan, Kitale
Januari 17, 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo tena. Hujanijibu.

Mama mkwe amelazwa tangu wiki jana. Ni kifua, alikipata kwenye hiyo sherehe. Sasa Sifuna ananiambia wewe pia unakohoa, na umerudi kwaya, na wale watoto wenye kamasi unawakaribisha jikoni. Ati alipokukumbusha maneno ya daktari, ulimuuliza, "Daktari gani, yule wa Krismasi?"

Mama, tafadhali. Mara hii ni kweli. Nenda kliniki. Katika kikapu hiki nimekuwekea machungwa, asali na sweta. Jumamosi ijayo nakuja na mtoto umwone. Niambie tu jambo moja bila kunificha: unaumwa?

Binti yako,
Everlyne

Ndalu
Januari 22, 2025

Everlyne,

Salamu. Mpe Chepkemei pole, mwambie namwombea.

Machungwa nimekula. Asali naweka kwa chai. Sweta nimevaa, maana baridi haina makosa.

Unauliza kama naumwa. Si wewe ndiye huongea na daktari wangu? Muulize.

Kikapu chako hicho, Sifuna anakirudisha. Usihangaike kutafuta ndani, hakuna kitu.

Na Jumamosi usije. Daktari amesema nisipokee wageni.

Mama yako tu