Saizi ya Mwikali

Jumanne, 7 Januari

Magunia manne ya ndengu kabla ya saa nne. Mizani inakwama kidogo lakini bado inasema ukweli. Kasikeu yote iko shambani inavuna, na wanaokuja dukani wanakuja na vumbi lao. Jumapili Mama Ndanu, fundi wetu, ataleta tepu kanisani kama kila Januari, atupime akina mama sare ya mwaka. Halafu tutangoja hadi Pasaka huku akitoa visingizio. Mwaka jana nilivaa yangu uzi ukining'inia. Nimechoka naye.

Jumapili, 12 Januari

Baada ya ibada nimewaonyesha nguo kwenye simu. Zambarau, mikono mirefu, kwa bei ambayo kwa fundi hainunui hata kitambaa. Hakuna aliyebisha. Mjane mmoja alisema mwaka huu hataomba wanawe pesa ya sare. Mama Ndanu alikuwa ameketi, tepu shingoni. Aliikunja, akaitia mkobani, akaenda zake. Nilimhurumia kidogo. Halafu nikakumbuka ule uzi.

Jumatatu, 13 Januari

Nimeagiza. Wengine nimewapigia simu waniambie saizi zao. Dada yangu Mwikali sikumpigia. Tulilala kitanda kimoja mpaka alipoolewa, nitamuuliza nini? Nimemwandikia kubwa kuliko zote. Yeye ndiye mnene wetu.

Alhamisi, 6 Februari

Mzigo umefika Sultan Hamud. Nimezunguka nikiulizia hilo duka la mizigo, jua likinichoma utosini. Nguo za wanawake ishirini na wawili, na gunia nimelibeba kwa mkono mmoja. Jepesi ajabu. Nilipolifungua nyumbani lilinuka mafuta ya taa. Mume wangu aliuliza kama nimenunua dawa ya kunguni. Nimezianika uani.

Jumapili, 9 Februari

Tumependeza. Sitaki kudanganya, tumependeza. Mchungaji alitusimamisha mbele. Mwikali alivaa sweta juu ya sare, joto lote hili. Nikamuuliza kama nguo inamtosha.

"Imenikaa poa," akasema. "Hata hujakosea."

Nimevimba kichwa siku nzima. Mama Ndanu alikaa nyuma na sare ya mwaka jana.

Jumamosi, 22 Februari

Nimefua. Maji yamegeuka zambarau na nguo imebaki na rangi isiyo na jina. Shati jeupe la mume wangu limeharibika. Zipu imekwama. Watu watatu wamenipigia simu kulalamika, mmoja kwapa limefumuka akiwa sokoni. Nimewajibu vibaya. Kwa bei ile walitaka nini? Ukweli ni kwamba nimeona aibu, na mimi nikiona aibu hukasirika.

Jumapili, 9 Machi

Mwikali ameanguka katikati ya wimbo.

Tulimbeba hadi chumba cha mchungaji, tukafungua zipu apate hewa. Ndani alikuwa amejifunga leso tatu, moja juu ya nyingine, kuanzia kifuani hadi nyongani. Nilizifungua moja moja. Chini yake hakuwa dada ninayemjua. Mbavu tupu. Niliogopa kumgusa.

Alipofumbua macho alisema, "Usiniangalie hivyo, Syombua."

Jumatano, 12 Machi

Tumbo. Kuna uvimbe, na umefika kwenye ini. Daktari aliuliza alianza kukonda lini. Mumewe, ambaye kazi yake iko Mombasa na huja mwisho wa mwezi, alinitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu. Ninapima ndengu za watu hadi nusu kilo na sikuona dada yangu akiisha.

Mwikali anasema aliogopa hospitali. Nguo ilipokuja kubwa, akaona afadhali aijaze kuliko kuulizwa maswali.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeenda kibandani kwa Mama Ndanu. Sijui nilitaka nini. Alitoa daftari lake, akafungua ukurasa wa Mwikali. Miaka sita ya kiuno chake. Kiliongezeka, kikasimama, na Januari mwaka jana kilikuwa kimepungua inchi tatu.

"Nilimwambia aende hospitali, akasema ataenda," alisema. "Pasaka alipokuja kujaribu nguo alikuwa vilevile, nikatulia. Nikasema wacha ifike Januari. Kama ameshuka tena, nampeleka mimi mwenyewe."

Januari hiyo ndipo nilipomrudisha nyumbani na tepu yake.

Nilimfokea. Kwa nini hakuniambia mimi, dada yake?

"Mwili wa mtu si wangu kutangaza, Syombua."

Nimetoka bila kuaga. Namchukia kwa kunyamaza, na najua alifanya sawa. Sijui kama Januari bado tungewahi. Ningeweza kumuuliza daktari. Sitamuuliza.

Jumatano, 2 Aprili

Mwikali yuko nyumbani kwangu sasa. Hakuna dawa zaidi, ni za maumivu tu. Anataka nguo. Ile ya zambarau anasema inamwasha. Alimwita Mama Ndanu mwenyewe, bila kunishauri.

Nilimshika mabega aketi kitandani, tepu ikamzunguka. Mama Ndanu aliandika bila kutaja namba.

"Uache nafasi kidogo," Mwikali akamwambia. "Nitanenepa."

Sote watatu tulicheka. Nikaenda jikoni nikakaa huko mpaka niliposikia Mama Ndanu akiaga.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumemzika. Nguo ya buluu, kola ndogo, mikono inayofika pale mikono inapofaa kufika. Mama Ndanu aliimaliza kwa siku mbili, na Mwikali aliivaa Jumapili moja akiwa hai, ameketi mlangoni. Aliniambia nimtazame vizuri. Nilimtazama.

Akina mama walikuja na zambarau zao. Kila moja imepauka kivyake. Ungesema tumetoka makanisa ishirini. Wengine walinilaumu kwa macho, wengine walinishika mkono. Sikuimba.

Jumatatu, 19 Mei

Duka limefunguliwa tena. Ile zambarau nimejaribu kupangusia mizani. Hainyonyi hata maji.

Mchana nimepeleka kitambaa kwa Mama Ndanu. Alinipima palepale. Kifua, kiuno, nyonga. Aliandika, akatazama ukurasa wangu wa zamani, akarudi kupima kiuno mara ya pili.

Nikasema ni huzuni tu, siku hizi sili vizuri.

"Sawa," akasema. "Lakini kesho nafunga hapa, twende hospitali sisi wawili."

Nilitaka kubisha. Tepu ilikuwa bado kiunoni mwangu, na alikuwa ameishika pande zote mbili.

Nimempa mume wangu ufunguo wa duka. Tunaondoka saa moja.