Bendera Nyekundu, Saa Saba Kasoro Dakika Sita

Jumatatu, tarehe 8 Juni

Leo tumeanza kuandaa barabara ya magari. Zamani ilikuwa njia ya kutua ndege. Ndege ziliacha kuja, majani yakaja. Sasa klabu moja ya magari huitumia mara moja kwa mwaka. Watu wazima wenye kazi zao — mwoka mikate, mwalimu, daktari wa meno — wanakuja kukimbiza magari yao wenyewe. Hawakimbizani. Gari moja moja, peke yake, dhidi ya saa.

Mrefu, tunayelala naye chumba kimoja, akauliza sasa raha iko wapi. Nikamwambia amuulize mwanamke mwenye mume wa mbali, huyo anakimbia peke yake kila siku. Nilitaka kuchekesha. Hakucheka. Hata mimi sikucheka.

Nimeziba nyufa kwa lami tangu asubuhi. Mgongo umekufa ganzi.

Mchana kaka amepiga. Kikao kimepangwa! Jumamosi, saa saba mchana, nyumbani kwangu, wazee wa kwetu na wa kwao. Mke wangu hataki maneno mengi. Anataka jambo moja: niseme kwa mdomo wangu, wazee wakisikia, tarehe ya kurudi. Siyo mwezi. Siyo "mambo yakikaa sawa". Tarehe. Nikisema, atangoja. Nisiposema, anamchukua binti yetu na kurudi kwao.

"Na simu iwe hewani," kaka akasema. "Usituaibishe."

Jumatano, tarehe 10 Juni

Koni na chaki siku nzima. Kila koni inachorewa mraba chini yake. Gari likiigonga na koni ikabaki inagusa mraba wake, hata kwa ukingo, dereva hana kosa. Ikitoka nje kabisa, anaongezewa sekunde. Mrefu anasema hii ndiyo sheria nzuri kuliko zote alizowahi kusikia. Unasukumwa, unayumba, ila ukigusa kwako bado unahesabiwa upo.

Nimeifikiria sana hiyo.

Niandike ukweli. Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa miaka miwili. Niliuongeza mara mbili. Mara ya pili nilimwambia mke wangu kwamba nimelazimishwa. Sikulazimishwa. Niliomba mwenyewe, nikatia sahihi, kisha nikampigia kwa sauti ya kulalamika. Alinipa pole. Alinipa pole mimi!

Mlango wa nyumba yangu bawaba imelegea. Ukiuvuta tu, unakwama. Lazima uunyanyue kidogo kwa goti, unatoa mlio wake — tak — ndipo unakubali kufunga. Nilimwahidi kuutengeneza wiki ile naondoka. Kaka hauwezi, mama hauwezi, wageni huuacha wazi. Ni mke wangu na mimi tu. Sasa miaka minne, ni yeye tu.

Alhamisi, tarehe 11 Juni

Tarehe ninayo. Ishirini Desemba. Nimekwenda ofisini, nimeuliza, mkataba unakwisha kumi na nane. Sitauongeza. Nimeapa.

Nimeifanyia mazoezi. Nimeiambia koni: "Nitarudi tarehe ishirini Desemba." Koni haikubisha. Nimeziambia tairi zilizorundikwa kona ya mwisho, nazo zimepokea vizuri. Mrefu akanisikia. Akasema, bwana harusi, ongeza sauti, wazee wengine masikio yamelala.

Usiku huu nitalala.

Ijumaa, tarehe 12 Juni

Msimamizi ametugawia vituo vya kesho. Mimi cha tatu, kona ya mwisho. Mshika bendera! Anasema nina jicho.

Nikamwambia, bosi, saa saba nina simu ya nyumbani. Akacheka. "Wewe kila siku una simu ya nyumbani. Saa saba kamili watu wanakula. Utaongea mpaka simu ichoke."

Sikumweleza ni simu gani. Kwa nini nimweleze? Saa saba ni saa saba.

Jumamosi, tarehe 13 Juni

Nimekaa kitandani na viatu. Sijanawa. Vidole vinaacha alama nyeusi kwenye karatasi.

Nianze mwanzo.

Asubuhi katibu wa klabu, mama mwenye kipenga shingoni na sauti isiyohitaji kipenga, alitupanga mstari. Wote wa bendera tutumbukize simu katika kopo la biskuti. Mwaka juzi mshika bendera mmoja alikuwa anatazama simu, gari likatoka barabarani, likakaa majanini dakika nzima hajaliona. Tangu siku hiyo, kopo. Kopo linakaa kwenye kibanda cha saa, ng'ambo ya pili, na barabara havuki mtu mpaka ifungwe. Nikatumbukiza yangu. Saa saba ningekuwa nayo mkononi.

Kituoni nilikuwa na bendera mbili, ufagio, gunia la vumbi la mbao, redio na saa ya mkononi.

Magari yakaanza. Mbio nzima haifiki dakika moja. Mwalimu alikuja na gari lake la familia, kiti cha mtoto bado kimefungwa nyuma. Akagonga koni, akapinga, eti inagusa mraba. Katibu akaniuliza kwa redio: "Kituo cha tatu, inagusa au haigusi?" Nikasema haigusi, mama, iko nje kidole kimoja. "Basi imemla." Daktari wa meno, mama mfupi mwenye gari dogo jekundu, alikata kona kama anayekata kucha za mtoto, polepole kwa jicho lakini hakuna kinachobaki. Niliburudika. Kweli. Nilisahau kidogo.

Saa saba kasoro kumi yalibaki magari mawili. Mwoka mikate, kisha daktari wa meno, kisha chakula. Nikaanza kuisema tarehe yangu taratibu.

Mwoka mikate akapita. Gari lake lilikuwa linakohoa. Alipopita nikaona mstari umelowa, mwembamba kama uzi wa kushonea gunia, unaanzia katikati ya kona unakwenda nje. Nikasema ni maji. Nikapiga magoti, nikagusa. Mafuta.

Redio ikasema: tunamwachia wa mwisho. Nikasikia lile gari dogo linaunguruma kule mwanzo. Nikatazama saa. Saa saba kasoro dakika sita.

Hapa hakuna anayesoma, basi niandike. Nilifikiri. Nilifikiri: uzi tu. Yule mama ni fundi, pengine atapita ndani yake. Akipita, tunakula, nami ninaongea. Nilifikiri kiasi cha pumzi moja. Halafu bendera nyekundu ilikuwa juu, na mkono ulioishika ni wangu.

Alifunga breki. Akasimama hatua ishirini kutoka niliposimama, ananitazama kupitia kioo cha mbele.

Katibu: "Kituo cha tatu, kuna nini?"

"Mafuta, mama."

"Mengi?"

"Machache."

Akasema: "Machache nayo ni mafuta. Safisha."

Nikamwaga vumbi la mbao, nikafagia, nikamwaga tena. Kumbe uzi ulikuwa umeanza mbali, tangu kona ya pili. Msimamizi akaja kando ya barabara kwa mguu. Akasema mawingu yamejaa, klabu inaogopa mvua, hakuna mapumziko, mzunguko wa pili unaanza mara tu ukimaliza kufagia. Nikasema: bosi, ile simu yangu. Akasema: "Ndugu yangu, si unaona hali ilivyo?"

Ningesema: mke wangu ananiacha saa hizi. Maneno matano. Angenipeleka kibandani yeye mwenyewe, si mtu mbaya. Lakini Mrefu alikuwa pale na ufagio wa pili, na vijana wa klabu wawili, nikaona aibu. Aibu! Nikainama, nikafagia.

Saa saba ilipita nikiwa nimeinama.

Barabara ilifungwa saa tisa na robo. Mvua haikunyesha hata tone. Wakatukusanya. Katibu akasema mshika bendera bora wa siku ni kituo cha tatu, wakanivika kofia ya klabu, wakanipigia makofi. Daktari wa meno akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema angepita pale angeishia kwenye zile tairi. Kisha akanitazama mdomoni. "Na hilo la chini kushoto, usingoje bendera nyekundu. Njoo nikung'olee." Watu wakacheka. Nikacheka nao, nimeufunga mdomo.

Katibu akanirudishia simu. "Ni yako hii? Mwanangu, imelia! Nilikuwa nashindwa kusoma sekunde. Nikalifunika kopo kwa koti langu."

Mke wangu amepiga mara saba. Zote kati ya saa saba na saa saba na dakika ishirini. Nimempigia. Amezima.

Kofia ipo juu ya kitanda cha Mrefu. Nimempa. Amekataa kuivaa.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Kaka amepokea mara ya kumi.

Anasema mke wangu aliweka simu yake katikati ya meza, sauti nje, wote wasikie. Waliisikiliza ikiita hadi ikate. Akapiga tena. Mara ya tatu mjomba wake akaanza kukohoa. Mara ya tano mama yangu akatoka nje. Baba mdogo akajaribu kunitetea, akasema labda mtandao. Mke wangu akamjibu kwa adabu kabisa: "Mtandao upo, baba. Si inaita?"

Baada ya mara ya saba akaichukua simu, akaifuta kwa kanga. Akasema, "Amejibu." Basi. Akawauliza wazee nani bado hajapata chai.

Nikamweleza kaka kuhusu mafuta.

"Mafuta?"

"Mafuta, kaka. Mstari mwembamba. Nisingeinua bendera, yule mama—"

"Mama yupi tena?"

"Daktari wa meno."

Akapumua. "Mdogo wangu, niende kwa wazee niwaambie mafuta na daktari wa meno?"

Nikamwambia tarehe ninayo! Ishirini Desemba! Akasema, unaniambia mimi ya nini, mimi umenioa? Mke wangu anaondoka kesho, kaka yake anakuja kumchukua saa nne asubuhi. Nikamwomba kaka aende mapema, ampe simu yake mkononi. Tu ampe. Amesema atajaribu, lakini hawezi kumfungua mtu masikio.

Binti yangu ana miaka sita. Kaka anasema alikuwa chini ya meza kikao kizima, anahesabu miito.

Jumatatu, tarehe 15 Juni

Tunaondoa koni. Kila ulipoiinua umebaki mraba, mweupe, na katikati hakuna kitu. Msimamizi anasema tuiache tu, mvua itaifuta.

Saa tatu na dakika arobaini. Nimemwambia msimamizi. Nimesema yale maneno matano, mbele ya Mrefu, mbele ya wote. Hakuna aliyecheka. Msimamizi amesema, "Kumbe! Na ulinyamaza?" Kisha akanielekeza kwenye tairi za kona ya mwisho: nenda ukakae pale, hakuna atakayekuita.

Nimekaa. Daftari liko gotini, simu sikioni kwa mkono wa kushoto. Naandika ili mkono huu uwe na kazi.

Kaka amepokea. Yuko uani kwangu. Anasema gari la shemeji limefika mapema, mizigo iko nje, ngoja. Hatua zake. Anamwita, "Shemeji, mumeo huyu." Anasema tena, kwa kubembeleza. Sasa kitu kinakwaruza.

Simu anayo yeye. Najua anavyopumua.

Nimesema. Nimesema, nitarudi tarehe ishirini Desemba. Nimesema nilikudanganya, ule mkataba niliuomba mimi. Nimesema mara mbili, ya pili kwa sauti, mpaka Mrefu kule barabarani amesimama na koni mkononi.

Hajibu. Hajakata. Nyayo zake, viatu vya kutokea. Sauti ya binti: mama, huyo nani?

Anatembea.

Goti. Tak.

Mlango umefungwa. Injini ya shemeji bado inaunguruma, ila mimi siwezi kujua kama iko karibu au mbali. Simu bado hewani. Namwita. Sijui amefunga akiwa upande gani