Pedali ya Upande Wangu

Jumapili, 14 Januari 2024

Tumetoka uwanjani kule duka la mbao. Jumapili hakuna magari, uwanja wote wetu. Baridi nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Vilja ameendesha saa nzima na mimi nimekanyaga breki yangu ya mwalimu, hii ya kiti cha kulia, mara — sijui. Nyingi. Kila nikikanyaga gari linakita, naye anapiga usukani kwa kiganja.

"Mama! Nilikuwa nimeshaona!"

Umeona nini, na nguzo ya taa imetujia mpaka puani?

"Nguzo haiji, Mama. Sisi ndio tunaokwenda."

Mdomo huo wa baba yake.

Lakini mwalimu ni mimi! Kibali cha kumfundisha kuendesha kimeandikwa Tuula, hakikuandikwa Ismo, mume wangu. Ismo walimnyima kwa ajili ya faini zake za mwendo kasi. Mimi niliyeishia darasa la tisa, mmenya viazi wa jikoni shuleni — mwalimu. Karatasi nimeiweka kwenye droo ya vijiko, niione kila nikikoroga kahawa.

Ismo anasema pedali yangu inalia kama paka. Ataitazama kesho karakana.

Jumatano, 17 Januari

Pedali imenyamaza. Imekuwa ngumu kidogo, inasukuma mguu kama mkate uliotoka tanurini. Ismo ni fundi, sina la kusema. Mtu anayefufua matrekta ya msituni hashindwi na breki ya mke wake.

Leo barabara ya ziwani, kilomita ishirini kwenda na kurudi. Nimekanyaga mara nne tu. Kila mara gari limepunguza mwendo kwa ulaini, bila kukita, bila kelele. Na Vilja hakunung'unika hata mara moja! Nikamwambia, unaona mwanangu, sasa tunaelewana.

"Ndiyo, Mama," akasema. Akageukia dirisha lake.

Ijumaa, 26 Januari

Naandika upesi, mwandiko mbaya nisamehewe.

Njia panda ya kituo cha mafuta. Lori la magogo linatokea kushoto, halipunguzi, theluji inaruka pande zote hata taa zake huzioni. Na Vilja anakwenda tu! Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, mpaka kiuno kikalia. Gari likatetemeka, likateleza kidogo, likasimama. Lori likapita hatua mbili mbele ya pua zetu. Dereva hata honi hakupiga.

Nimemwokoa mwanangu. Naandika tena: nimemwokoa.

Mezani nikamsimulia Ismo, supu ya samaki ikapoa kwa kusimulia. Akainua gilasi yake ya maziwa. "Kwa afya ya mguu wa Tuula! Mguu wa dhahabu!" Nikacheka mpaka machozi. Vilja hakula. Nikadhani mshtuko, nikamkanda mabega. Mabega yamekaza kama ubao.

Jumatatu nitawasimulia wenzangu wa jikoni shuleni. Wao ndio husema mimi naogopa hata kivuli cha sufuria.

Jumamosi, 3 Februari

Nianzie wapi.

Leo ilikuwa siku ya kwanza ya kozi ya kuendesha kwenye barafu, ile ya klabu ya magari. Vijana sita, kila mmoja na gari la nyumbani kwao na mzazi wake. Mwalimu anaitwa Helka, amepita sitini, kofia ya manyoya, redio mkononi. Zamani alishindana kwenye mbio za magari. Sauti yake ingesimamisha treni.

Kazi yenyewe ni hii. Unakuja kwa kasi juu ya barafu iliyomwagiwa maji. Mbele kuna kulungu wa mbao, mkubwa kama wa kweli, na pembe zake. Unakanyaga breki mpaka mwisho na huiachii hata ikikutetemekea mguuni. Unazungusha usukani, unapita nyuma ya kulungu. Na macho! "Gari hufuata macho!" Helka akapiga kelele. "Ukimtazama kulungu, utamla kulungu! Tazama uwazi!"

Raundi ya kwanza wazazi tulikaa nje, nyuma ya tuta la theluji, na chupa zetu za kahawa. Vilja alikuja peke yake, akakata, akapita nyuma ya kulungu kama samaki. Mara tatu! Baba mmoja akaniuliza nani kamfundisha huyo. Mimi, nikamwambia. Nilisema kwa sauti, wengine wasikie.

Raundi ya pili wazazi tukaingia.

Akamgonga kulungu. Pembe zikaruka juu ya kioo.

Tena. Akamgonga tena.

Mara ya tatu Helka akafungua mlango wa nyuma, akaketi na theluji yake yote. "Twende, binti. Nataka kuona kitu." Tukaenda. Nikakanyaga, namna yangu. Kulungu akalala.

"Unatazama nini pale chini?" Helka akauliza.

"Wapi?" Vilja akasema.

"Chini, kulia. Kila kabla ya breki, macho yako yanakwenda chini kulia. Mama yako asipokuwepo hayaendi. Kuna nini pale?"

Mimi nikatazama chini kulia. Kulikuwa na mguu wangu.

Vilja akaanza kulia kabla hajasema neno. Kisha akasema yote, huku ameshika usukani, bila kunitazama. Kwamba ile siku ya karakana baba hakutengeneza kelele. Alichomoa waya. Chini ya pedali aliweka springi, ili nisikie inasukuma. Na yeye Vilja kazi yake ilikuwa kuuangalia mguu wangu. Mguu ukishuka, anakanyaga yeye, taratibu, nione gari limenitii.

Wiki tatu! Nimekuwa nikikanyaga springi ya kiti cha trekta.

Helka akashuka, akapiga magoti kwenye barafu, akaingiza kichwa na tochi chini kule miguuni pangu. "Haijashikana na kitu," akasema. Halafu akamwambia Vilja, bila ukali, na hilo ndilo lililonichoma zaidi: "Gari hili leo limemaliza. Jumamosi ijayo lije na breki mbili, au lisije."

Niliendesha mimi kurudi nyumbani. Kilomita arobaini.

Jumapili, 4 Februari

Nimeoka maandazi ya iliki, trei mbili, kisha nikakumbuka sitaki kumpa mtu. Nimewamwagia ndege nje.

Sauna, bafu letu la mvuke, wameingia wao wawili, Ismo na Vilja. Mimi nimekaa jikoni na koti langu.

Gilasi ya maziwa. Ile gilasi ya maziwa ndiyo siwezi kuisamehe. Alijua, akainua, akanitazama machoni.

Jumatatu, 5 Februari

Jikoni waliniuliza habari za mguu wa dhahabu. Nikasema uko salama. Nikamenya karoti mpaka kidole.

Jioni Ismo alikuja na spana mkononi, kama mtoto anayerudisha alichoiba. Akasema nimsikilize dakika mbili.

"Ulikuwa unamfanya mtoto kipofu, Tuula. Hawezi kujifunza breki mtu akimkanyagia kila nukta."

Ungeniambia.

"Nimekuambia mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kumi na mbili nikakuambia. Ukalia. Unakumbuka darajani?"

Nakumbuka. Ule mzunguko darajani, Desemba, gari likageukia tulikotoka. Niliandika humu ni barafu. Labda haikuwa barafu. Labda ni mimi, nilikanyaga kwenye kona. Haya, nimeandika.

Lakini ungeniambia! Ungekwenda kule ofisini ukasema mke wangu hafai, wakanivua kile kibali mchana kweupe. Siyo kunitilia springi kama mdoli! Na kumtia binti yangu katikati. Kumfundisha kunidanganya kwa mguu.

"Mbona alifaulu," akasema. "Mpaka huyo bibi wa mbio za magari alipofumbua mdomo, mtoto alikuwa anaendesha vizuri."

Kuna watu ukiwajibu unawapa ushindi.

Jumatano, 7 Februari

Waya umerudishwa. Ismo amelala chali kwenye theluji, mimi nimekanyaga, yeye anaita, "Imeshika! Tena! Imeshika!" Simwamini. Nikamwita Vilja, tukaenda uwanjani kwetu. Nikamwambia apande mwendo wa ishirini kisha anyanyue miguu yote miwili. Akanyanyua, magoti yakagusa usukani. Nikakanyaga. Likasimama.

Tena na tena, mara sita. Ya saba nikamwambia aendeshe kawaida. Nikakanyaga, likasimama, na hapo hapo nikagundua sijui. Sijui ni mimi niliyesimamisha au ni yeye. Sitajua tena kamwe.

Basi nikamuuliza kile nilichokuwa nakiogopa. Lile lori la magogo. Uliliona?

Kioo kimeanza kupata ukungu kwa pumzi zetu.

"Niambie ukweli, Vilja. Mmoja tu. Nimechoka kuombaomba."

"Sikuliona, Mama."

Hukuliona?

"Niliuona mguu wako. Ulishuka kwa nguvu nami nikakanyaga kwa nguvu. Lori nililiona likishapita."

Nilitaka kufurahi. Kumbe nilimwokoa kweli! Kisha nikaelewa. Mtoto wangu anafika njia panda, hatazami njia panda. Ananitazama mimi. Mtihani wake ni Alhamisi ya wiki ijayo, na kwenye kiti hiki atakaa mtahini, miguu yake imetulia kama ya sanamu. Na baada ya mtihani hakutakuwa na mtu kabisa.

"Baba yako anajua kuhusu lori?"

"Hapana. Nilimwambia nililiona."

Naye pia anadanganywa. Sikufurahia vile nilivyodhani ningefurahia.

Jumamosi, 10 Februari

Naandika kwenye gari, daftari gotini, kalamu imeganda naipumulia. Tupo kwenye foleni ya barafu. Magari matatu mbele yetu.

Helka alitukagua kwanza. Alikanyaga pedali yangu mwenyewe kwa buti lake, akaitikia kwa kichwa, akasema sawa. Kisha akasema na mimi pembeni. Binti anahitaji mama ndani ya gari, lakini bila mguu. "Pandisha miguu kitini, uikalie. Akitazama chini asikute kitu. Raundi tatu, nne, macho yatachoka kutafuta."

Nikamuuliza, na akishindwa?

"Atamgonga kulungu wa mbao. Ndiyo sababu ni wa mbao."

Ismo amesimama nyuma ya tuta na wazazi wengine. Ameleta chupa ya kahawa ya kwangu, ile nyekundu. Nimeiacha hapo hapo mkononi mwake.

Nimevua buti. Nimekaa na miguu juu kama msichana kwenye boti. Pedali iko pale chini, ya kweli, ina waya, na mimi nimeikalia miguu.

Magari mawili.

Gari la mbele limemgonga kulungu. Wanamsimamisha, wanamrudishia pembe. Vilja amepangusa viganja kwenye suruali. Ametazama chini, kulia. Nimemwona. Akaona zulia na buti zangu tupu.

"Mama," amesema.

Nini?

"Shusha mguu."

Helka kakataza.

"Najua. Usikanyage. Uweke tu pale. Raundi hii moja."

Nimemwambia mtahini hatamwekea mguu.

"Mtahini siyo Alhamisi? Leo ni Jumamosi. Mama, tafadhali. Hata ukiwa wa uongo."

Amesema hivyo. Hata ukiwa wa uongo. Kisha akashika mdomo.

Redio imekoroma: gari la bluu, jiandae. Ndilo letu. Mbele yetu limebaki moja, nalo limeshaanza kutembea. Vilja anasubiri. Hatazami barabara, hatazami kulungu, anatazama zulia. Mguu wa kulia umekufa ganzi chini yangu na sijaushusha.